Mabaka ya Mama Kisilu

Kila asubuhi, kabla jua halijafika barazani, Mwanapili alichekecha hina. Alikuwa na kipande cha mtandio wa zamani kilichokwisha kugeuka rangi ya kutu. Alikivuta juu ya bakuli, akakikaza kwa mpira, akamimina unga na kuusugua kwa mgongo wa kijiko, polepole, hata ukashuka chini laini kama poda ya mtoto. Majirani wa kijiji chake cha Waa waliopita kwenda barabarani walimsabahi bila kusimama. Walijua kwamba Mwanapili akichekecha hajibu, kwa sababu hina iliyokauka vizuri haistahimili hata pumzi ya mtu.

Asubuhi hiyo ya Jumanne alikuwa amefika nusu ya bakuli aliposikia hodi iliyoanzia njiani, hodi ya kibara, isiyongojea kukaribishwa.

"Hodi! Mama Warda! Uko, ama leo niko na bahati mbaya?"

Kijiko kilimponyoka. Unga ukaruka, ukamwingia puani, ukatua juu ya leso yake na juu ya bandeji iliyozunguka mguu wake wa kushoto. Alipiga chafya mbili za nguvu. Hakuhitaji kuinua macho. Ilikuwa sauti ya Mbithe, mwenzake wa dripu.

"Karibu, Mama Kisilu," alisema akijipangusa. "Umenimwagia hina ya bi harusi wa watu. Na sweta hiyo ya nini na joto lote hili? Huko kwenu Shimba Hills kumeanguka barafu?"

"Cheka tu. Twende ndani kwanza. Na ufunge mlango."

Mlango ulipofungwa Mbithe alitoa mikono mifukoni. Kisha akafungua kitambaa alichokuwa amekishusha hadi machoni na kukizungusha mdomoni, akasimama pale katikati ya chumba kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Alikuwa na mabaka meupe. Yalimzunguka macho yote mawili, yakashuka pembeni mwa mdomo. Mikononi yalianzia kwenye vidole na kupanda hadi kwenye vifundo, meupe pe, na kingo zake zilikuwa safi kana kwamba mtu alikaa chini akayachora kwa utulivu.

Moyo wa Mwanapili ulipiga teke. Huruma ndiyo ilistahili kuja kwanza, na baadaye ilikuja, lakini kilichomjia wakati ule kilikuwa wivu.

"Ona vile nimekuwa," Mbithe alisema, na sauti yake iliyokuwa na mzaha ikavunjika. "Nimekuwa kama paka."

Walikuwa wamefahamiana katika kituo cha utafiti kule Msambweni, kila mmoja amefika na wayo wake. Wa Mwanapili ulianza na doa dogo jeusi kwenye kisigino. Kwa kuwa alikuwa mchora hina, na mchora hina hawezi kwenda kwenye harusi ya mtu na miguu mitupu, kila harusi alijipaka nyayo zake nyekundu, akapitisha na piko, ile rangi nyeusi kali, pembeni, na doa likakaa chini ya rangi likikua bila kuonwa na mtu. Hata yeye mwenyewe alilisahau. Siku alipogundua kwamba hina ya kisigino haikauki, lilikuwa limekwisha kuwa kidonda. La Mbithe lilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu, naye alidhani ni jembe lililomkwaruza shambani. Wote wawili walikatwa ile nyama yenye ugonjwa, wote wawili waliambiwa imekwisha, na wote wawili, baada ya muda, wakapapasa uvimbe kwenye kinena. Jina la ugonjwa lilikuwa melanoma, saratani ya ngozi, nayo ilikuwa imekwisha kuondoka kwenye ngozi na kuingia ndani, hadi kwenye mapafu.

Siku ya kwanza kituoni Sista Mbeyu, muuguzi wa utafiti, aliwakalisha pamoja na wagonjwa wengine akawaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Kila mmoja angepata dawa inayotumika tayari, ya kuiamsha kinga ya mwili ili iitambue saratani na kuishambulia. Juu ya hiyo kila mmoja angetundikiwa mfuko wa pili. Kwa wengine mfuko huo ungekuwa na dawa mpya, ile ambayo bado inajaribiwa kuona kama ni salama na kama inasaidia. Kwa wengine ungekuwa na maji ya chumvi tu. Kompyuta ndiyo iliyopiga kura. Mifuko ingekuja imevishwa vifuniko vya buluu.

"Hata mimi sijui nani anapata nini," Sista Mbeyu alisema. "Hata daktari hajui. Tukijua mapema, macho yetu yatapendelea."

Neno lililomwingia Mwanapili siku hiyo lilikuwa kura. Kwa miaka mingi alikuwa mshika upatu wa wanawake wa mtaa wake. Katika upatu kura hupigwa, kila mtu akapata zamu yake ya kuchukua fedha za wote, na mtu akijitoa, zamu yake huchukuliwa na anayemfuata. Basi akaiweka dawa mpya moyoni mwake hivyo hivyo, kama upatu, na kwa kuwa hakumwuliza mtu, hapakuwa na wa kumsahihisha.

Viti vyao vya dripu vilikuwa bega kwa bega. Mwanapili alileta mahamri, Mbithe alileta ndizi na maneno. Walicheka sana, na wauguzi wakawa wanawaita mawifi. Halafu picha za kwanza zikatoka. Uvimbe wa Mbithe ulikuwa umenywea zaidi ya nusu. Wa Mwanapili, daktari alisema, haukukua wala haukupungua, na hilo pia ni jambo la kushukuru. Mwanapili alishukuru. Lakini tangu siku hiyo kila walipokaa alikuwa akiutazama mfuko wa buluu wa mwenzake zaidi kuliko wake. Aliona kama dripu ya Mbithe inadondoka kwa furaha. Alianza kuhesabu vicheko vyake kama dhambi. Kila aliporudi nyumbani alisema, alhamdulillahi, mwenzangu anapata nafuu, na ulimi wake ukawa mkavu kama uliolamba unga wa hina.

Sasa mwenzake huyo alikuwa amesimama chumbani kwake na mbalanga.

Mwanapili alijua maana yake. Mtu anayefanya kazi ya rangi husikia neno rangi hata akiwa usingizini, na siku ile ya kwanza Sista Mbeyu alipofika kwenye jambo hilo aliinua masikio. Kinga ya mwili ikiamka, alisema, wakati mwingine haiishii kwenye saratani, bali hushambulia pia chembe zinazoipa ngozi rangi, kwa sababu saratani hii ilizaliwa humo humo. Mgonjwa akitokwa na mabaka meupe asiogope, bali aje aseme. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili unapigana. Kwa sababu hiyo Mwanapili alikuwa akijitazama kwenye kioo kila baada ya kuoga, shingo, mabega, chini ya matiti, akitafuta hata doa la ukubwa wa punje ya mchele. Hakuwahi kuliona.

"Keti, Mama Kisilu," alisema hatimaye. "Umewaonyesha kituoni?"

"Niwaonyeshe nini? Ni wao wamenifanyia!" Mbithe alijitupa kwenye kiti. "Hiyo dawa inanibambua. Kule kanisani wamama wameanza kuniangalia kando. Juzi nilipeleka chapati za mkutano, zikarudi zote nyumbani. Mmoja akasema ni ukoma. Mwingine akasema ati ni majini ya pwani, nimekaa sana na nyinyi Wadigo."

"Majini yetu yana kazi nyingi, hayana nafasi ya kupanda mlima kukufuata wewe."

Mbithe alicheka kidogo, akafuta machozi kwa mkono wenye baka. "Jumamosi ni harusi ya Kisilu. Unajua. Wakwe wanatoka Makueni, gari nzima. Mimi ndiyo mama. Nitawasalimia na mkono gani? Nikasema, Mama Warda ndiye fundi wa rangi pwani yote. Nipake. Nirudishie rangi yangu hata kwa siku moja tu."

"Na Alhamisi? Si siku yetu ya dripu?"

"Alhamisi siendi." Mbithe alisema kwa upole kama mtu aliyekwisha kulia yote. "Nimeacha. Uvimbe umeisha kiasi, Mungu atamalizia. Nikiacha, rangi itarudi."

"Siku ile ya kwanza Sista Mbeyu alisema mambo mengi," Mwanapili alianza, na mwenyewe akasikia jinsi sauti yake ilivyotembea kwa ncha za vidole.

"Alisema mambo mengi sana! Mimi nilikuwa naomba tu. Sikushika hata moja." Mbithe alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Lakini wewe uko na bahati, Mama Warda. Ona hiyo ngozi yako, safi kabisa. Kwako dawa haijafanya kitu."

Hakusema kwa ubaya. Mbithe hakuwa na ubaya wa kumtosha hata kumfukuza kuku. Lakini neno lile, dawa haijafanya kitu, lilimwingia Mwanapili mahali ambapo kwa wiki nyingi alikuwa akijitahidi asipaguse. Lile alilokuwa karibu kulisema likarudi chini.

"Na ukiacha," aliuliza akichukua bakuli, "nafasi yako atapewa nani?"

"Sijui. Labda wewe!" Mbithe alicheka. "Chukua na zote, nakupa bure."

Mwanapili hakucheka. Alikata limau, akakamua ndani ya hina.

Alifanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alikataa kutumia piko, kwa sababu piko ingeichoma ngozi ile, na alijishangaa kwamba anaweza kuihurumia ngozi ya mtu na asimhurumie mwenyewe. Alichanganya hina na majani ya chai yaliyochemka mpaka yakawa meusi, akajaribu kwenye ukingo wa baka moja, akafuta, akaongeza, akajaribu tena. Hina peke yake huacha rangi ya chungwa. Alitaka rangi ya Mbithe, kahawia ya udongo wa juu uliolowa. Alipoipata akaushika mkono wa mwenzake juu ya goti lake na kuanza kujaza, baka baada ya baka, kwa ncha ya kijiti. Ngozi ile nyeupe ilikuwa na joto. Alipitisha kidole juu yake zaidi ya ilivyohitajika. Kwa nini wewe, alikuwa akisema moyoni, huku mkono wake ukifanya kazi kwa adabu. Kwa nini wewe usiyeitaka?

Kwa uso alimtengenezea mchanganyiko wa poda na hina kidogo ndani ya kikopo, akamwonyesha jinsi ya kupaka siku yenyewe.

Mbithe alipojitazama kwenye kioo alipiga kelele ya furaha, akamkumbatia hadi sweta ikamkwaruza shavu. "Aiyaa! Wewe ni malaika na leso! Jumamosi ukose uone. Wewe na Warda. Nitawawekea chakula chenu kando."

"Inshallah," alisema Mwanapili.

Alibaki mlangoni akimtazama anavyoshuka njia, mikono nje, akiwapungia hata watu asiowajua.

Jioni Warda, binti yake, aliporudi kutoka dukani Diani alimkuta mama yake kwenye karai akijisugua mikono kwa limau na chumvi. Viganja na kucha za Mwanapili zilikuwa nyekundu siku zote kwa sababu ya kazi yake, na sasa alikuwa amejisugua hata ngozi imevimba.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naitoa hina."

"Ya nini? Kesho si utashika nyingine?"

"Nataka kuona chini yake kuna nini. Mwenye kuuliza sana huzeeka upesi, nenda kabandike chai."

Chini yake hapakuwa na kitu. Kulikuwa na mikono yake tu, ya kahawia, mizima, kama alivyozaliwa nayo.

Alhamisi alifika kituoni akaketi mahali pake. Kiti cha kando kilikuwa kitupu. Kilikuwa na mto wake uliofutwa vizuri na nguzo ya dripu isiyo na mfuko, na Mwanapili alijilazimisha asikitazame, kisha akakitazama.

Sista Mbeyu alikuja na trei. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wifi yako leo yuko wapi? Simu yake haipatikani tangu jana."

"Sijui," Mwanapili alisema. Sindano ilikuwa bado haijamgusa, lakini alikunja uso. "Pengine ni shughuli. Ana harusi ya mwanawe."

Dripu ilipoanza kudondoka aliuliza, akitazama dari, "Mwanangu, mtu akiacha, ile mifuko yake anapewa nani?"

"Hapewi mtu."

"Hata aliye karibu naye? Anayemfuata?"

Sista Mbeyu aliketi ukingoni mwa kile kiti kitupu, akamtazama kwa makini. Alikuwa binti wa Kigiriama, mwembamba, mwenye mazoea ya kungoja mtu amalize kuwaza. "Mama, ulidhani ni kama nini?"

"Kama upatu," Mwanapili alisema kwa sauti ndogo.

Muuguzi hakumcheka. "La, si upatu. Kura ilipigwa siku ile ile moja na imekwisha. Kilicho chako ni chako hadi mwisho. Mama Kisilu akiacha, wewe huongezewi hata tone. Sisi tunabaki bila kujua tu." Alinyoosha mpira wa dripu. "Dawa hii bado hatuijui vizuri, mama. Nyinyi ndio macho yetu. Mtu akiharisha, akiwashwa, akibadilika rangi, tukiambiwa tunaweza kumsaidia, na tunajua la kuwaambia watakaokuja nyuma. Akijificha, anaweza kuumia na tusione."

"Na akibadilika rangi, ndiyo kusema ana dawa mpya?"

"Hapana. Hata ile ya kawaida inaweza kuleta hivyo. Na wako wanaopata nafuu bila baka hata moja. Usijitafute mwilini mama, utajichosha." Akaitazama tena ile dripu. "Mama Kisilu ana haki ya kuacha. Ni mwili wake. Lakini nisingependa aache bila kujua anaacha nini. Akija kufikia Jumatatu hajachelewa."

Mwanapili aligeuza uso upande wa dirisha. Alitaka kusema. Neno lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Lakini kulisema ilikuwa sharti aseme pia kwamba alilijua tangu Jumanne, na kwamba alilipaka hina. Dripu ikadondoka hadi ikaisha. Hakuna aliyemchekesha siku hiyo, na mahamri aliyokuja nayo alirudi nayo.

Jumamosi alikwenda. Alijiambia kwamba anakwenda kwa sababu aliahidi. Alivaa baibui jipya na kiatu kimoja kikubwa cha kumwezesha kuingiza bandeji, akajikongoja akimshika Warda mkono hadi kwenye boma la Mbithe, ambako mahema yalikuwa yamekwisha kusimikwa katikati ya mihogo na spika ikipiga nyimbo za Kikamba kwa sauti ya kupasua masikio.

Bwana harusi na mkewe walikuwa wameketi mbele, wakwe kando yao. Mbithe alikuwa kila mahali. Alivaa gauni la kitenge cha manjano, mikono yake nje, rangi yake ikiwa bado imara. Lakini joto la mahema lilikuwa limeanza kumshinda usoni. Jasho liliteremka kutoka kwenye paji, likachora mifereji katika poda, na weupe ukawa unachungulia kandokando ya macho. Mwanapili aliliona hilo akiwa mbali. Akaona na lingine. Mbithe alipopita na sahani, wanawake waliokuwa wamevaa sare ya kanisa walitabasamu na kusema, "Weka tu hapo mezani mama, nitajichukulia." Mmoja baada ya mwingine. Sahani zikakaa mezani, na nzi wakaja.

"Mama Warda! Umekuja kweli!" Mbithe alimvuta hadi nyuma ya jiko, penye kivuli, akamkalisha kwenye kigoda. Juu ya mawe kando, mbali na masufuria mengine, palikuwa na sufuria ndogo iliyofunikwa kwa sinia. "Hii ni yako na Warda. Hakuna mtu amegusa. Nilimwita Jaafar wa duka aje achinje kuku mwenyewe, na kisu chake, na bismillahi yake. Sufuria pia ni mpya. Nilisema Mama Warda asije akakaa njaa kwa harusi ya mtoto wangu."

Mwanapili aliinua ukingo wa sinia, akaurudisha.

"Na kuna habari nzuri," Mbithe aliendelea, akichuchumaa mbele yake, sauti chini kama msichana mwenye siri. "Nilifanya vizuri kuacha. Ona. Hapa kwa kidole. Na hapa. Nimeosha vyombo tangu jana, nimesugua masufuria na majivu, hina yako ingekuwa imetoka, na bado iko. Rangi yangu inarudi, Mama Warda! Imeanza na mikono. Uso utafuata. Si unaona?"

Akanyoosha mikono yote miwili.

Mwanapili aliitazama. Aliiona kazi yake mwenyewe, kahawia ya udongo uliolowa, ukingo kwa ukingo, isiyotoka kwa majivu wala kwa sabuni, kwa sababu hina iliyopakwa na fundi haitoki. Ingefifia yenyewe, polepole, baada ya Jumatatu kupita.

Sauti ya spika ilikuwa ikiendelea. Warda alisimama pembeni, akimtazama mama yake.

"Mama Kisilu, nipe chakula," Mwanapili alisema. "Kwa mkono wako. Usiweke chini."

Mbithe, kwa mshangao, alipakua, akampa. Wawili watatu katika wale wanawake wa kanisa, waliokuja jikoni kutafuta maji, wakasimama kutazama. Mwanapili alitia tonge mdomoni, akatafuna, akameza. Kisha akaiweka sahani juu ya mapaja, akaishika ile mikono.

"Hii si rangi yako. Ni hina yangu. Chini yake ni nyeupe kama ilivyokuwa, na weupe huo si ukoma, wala si jini. Ni mwili wako unaipiga saratani hadi unamwaga rangi. Sista Mbeyu alisema siku ya kwanza. Wewe ulikuwa unaomba. Mimi nilisikia."

Mbithe alikuwa bado anatabasamu, tabasamu la mtu ambaye habari haijamfikia. "Ulisikia? Sasa Jumanne mbona hukuniambia?"

Palikuwa na majibu mengi. Palikuwa na nilisahau, na sikuwa na hakika, na sikutaka kukuvunjia furaha. Mwanapili aliyaona yote, yamejipanga mlangoni, akayapita.

"Kwa sababu nayataka mimi!" alisema kwa sauti iliyowafikia hata wale wanawake, hata wale waliokuwa chini ya hema la karibu. "Hayo mabaka. Kila nikioga nayatafuta mwilini mwangu. Nilijua ukiacha utarudi kuugua, na nikanyamaza, nikidhani zamu yako nitapewa mimi. Nikakupaka ili nisiyaone. Nakuonea wivu, Mama Kisilu. Nakuonea wivu hata ukicheka. Usinisamehe leo kama huwezi, una wageni. Lakini Jumatatu nenda ukatundikwe dripu yako, uwaonyeshe mikono na uso, na mimi nitakuja nikae kwenye kiti cha kando, nikuonee wivu ukiwa hai."